Mwongozo Kamili wa Kusafisha na Kutunza Jiko la Gesi la Kubebeka la Kuchomea Nyama

Jiko kubwa la kuchomea nyama husimama mahali pamoja mwaka mzima. Dogo la kubebeka halina bahati hiyo. Linakunjwa miguu na kutiwa kwenye buti la gari likiwa bado na uvuguvugu, linatikiswa njia nzima, na mafuta yaliyobaki ndani yanatiririka hadi pasipotakiwa. Likifika nyumbani linasukumwa stoo, nyuma ya mahema na viti vya kukunja, likae huko hadi safari nyingine. Siku hiyo ikifika linawaka kwa kubembelezwa: mwali wa manjano, upande mmoja wa nyama umeungua, wa pili bado mbichi. Mwenyewe anatikisa kichwa na kusema jiko limekufa.

Mara nyingi halijafa, limeziba. Na limeziba pale ambapo mkono wa mwenyewe haujawahi kufika. Sote tunapenda kusugua wavu, kwa sababu unaonekana na ndio unaogusa chakula, kisha tunafunika mfuniko na kuona kazi imekwisha. Kichomeo na mrija wake, ambavyo ndivyo jiko lenyewe, vinabaki hivyo hivyo tangu siku jiko lilipotolewa kwenye boksi. Nitaanza na wavu kwa kuwa ndio kazi ya kila mara, lakini ukiwa na haraka, ruka uende moja kwa moja kwenye kichomeo.

Vifaa, na vile vya kuviacha

Huhitaji vingi. Ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, sponji, vitambaa viwili vikavu, kikwaruzo cha mbao au cha plastiki ngumu, brashi ndefu nyembamba kama ile ya kusafishia chupa, vijiti vya meno, klipu ya karatasi iliyonyooshwa, na chupa ya kupulizia maji. Vaa glavu, kwani mafuta yaliyoungua hukaa kwenye kucha siku mbili nzima.

Brashi ya nyuzi za chuma mimi niliiacha. Nyuzi zake hukatika, zikabaki kwenye wavu, zikanata kwenye nyama, na nyembamba jinsi zilivyo huzioni. Madaktari wamewahi kuzitoa kwenye koo na kwenye utumbo wa watu waliokula nyama bila kujua. Ipo brashi isiyo na nyuzi, iliyotengenezwa kwa waya mnene uliosokotwa kama springi, na hiyo inafanya kazi vizuri. Hata karatasi ya foili iliyofinyangwa kuwa donge na kushikwa kwa koleo inatosha. Kama huna budi kutumia brashi ya nyuzi, pangusa wavu wote kwa kitambaa chenye maji baada ya kusugua, kisha uuangalie kwenye mwanga.

Dawa ya kusafishia ovena nayo iache mbali na jiko la aina hii. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, ambayo inayeyusha mafuta vizuri sana lakini pia inakula alumini, na majiko mengi ya kubebeka yana mwili wa alumini ili yawe mepesi. Kwa sababu hiyo hiyo, usitie trei ya alumini kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Itatoka ya kijivu, na ukiishika inakupaka weusi mikononi. Dawa yenye klorini usiipake kwenye chuma kisichoshika kutu. Klorini hutoboa ule utando mwembamba unaokilinda, kisha kutu inaanza kwa vidoadoa.

Kabla ya kugusa chochote

Funga gesi kwenye mtungi kwanza, acha moto ujifie wenyewe gesi iliyomo kwenye mpira ikiisha, ndipo uzungushe vitasa vya jiko kuvifunga. Ukifanya kinyume, gesi inabaki imebanwa kwenye mpira. Acha jiko lipoe, kisha tenganisha mtungi. Nati nyingi zinazounganisha regyuleta (kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi) na mtungi mkubwa hufunguka kinyume na nati za kawaida, kwa hiyo usilazimishe kwa spana upande usio wake. Makopo madogo ya kutupwa huzungushwa kama kifuniko cha chupa.

Mtungi uliotenganishwa uweke nje, ukiwa wima. Gesi za mtungini ni propani na butani: propani ni nzito kama mara moja na nusu kuliko hewa, butani mara mbili, na ndiyo maana gesi inayovuja haipai ikapotea. Inashuka na kutulia chini: kwenye shimo, kwenye mfereji, kwenye buti la gari. Harufu ile ya mayai viza si ya gesi yenyewe, huongezwa kiwandani makusudi ili pua ikuonye. Ukiisikia wakati jiko limezimwa, ahirisha usafi, utafute kwanza inakotoka.

Hatua ya kwanza: wavu, kila baada ya kupika

Nyama ikishatoka, ongeza moto hadi mwisho, funika, na uache dakika kumi. Mabaki yatakauka yawe majivu na vipande vinavyobanduka. Usiondoke ukaenda kula. Kaa hapo hapo. Dakika kumi na tano zikipita huongezi usafi, unachoma gesi na kuchosha chuma. Zima, subiri wavu upungue joto lakini uwe bado na moto kiasi, kisha kwaruza kwa kufuata mistari yake. Usimwagie maji baridi wavu wenye moto mkali: chuma cha kumimina kinaweza kupasuka, na mvuke utakuunguza mkono.

Kuna wanaosema mafuta yaachwe kwenye wavu ili yaulinde, yachomwe siku ya kupika tena. Kwa jiko linalokaa nje pale pale wana hoja. Kwa jiko linalosafiri na kulala stoo, sikubaliani nao. Mafuta yaliyoachwa yanaozea humo, yanaita panya na mende, na yanachafua kila kilichopakiwa pamoja nalo.

Jinsi ya kusafisha inategemea wavu wako ni wa nini, na hapa ndipo wengi huharibu. Wavu wa chuma kizito cheusi kisichopakwa kitu haupendi kulowekwa. Ukwaruze, uupanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, uurudishe kwenye moto mdogo hadi ukauke kabisa, kisha uupake mafuta ya kupikia membamba mno, kiasi kwamba ukiupangusa unaonekana kama hukupaka kitu. Mafuta mengi hayasaidii, hugeuka kuwa ulimbo unaonata. Ukiwa na kutu, isugue hadi chuma kionekane, paka mafuta, kisha uache wavu kwenye jiko lililofunikwa kwa saa nzima, joto likiwa kama 200°C. Rudia mara mbili au tatu. Utando mweusi unaojengeka ndio kinga yenyewe.

Wavu uliopakwa enameli, ule unaong'aa kama sufuria ya rangi, unaweza kuoshwa kwa sabuni na kulowekwa nusu saa. Adui yake ni ncha ya chuma. Enameli ikimeguka, kutu inaingia kwenye jeraha na kutambaa chini ya enameli iliyobaki. Tumia mbao au nailoni tu, na brashi ya nailoni uitumie wavu ukiwa umepoa, isije ikayeyuka. Enameli ikianza kubanduka vipande vipande sehemu inayogusa chakula, nunua wavu mwingine.

Wavu wa chuma kisichoshika kutu ndio mvumilivu kuliko yote. Utabadilika rangi kuwa dhahabu au buluu kwa joto. Hilo si uchafu, na kuhangaika kulisugua ni kupoteza jioni. Usiusugue kwa manyoya ya chuma cha kawaida, kwa kuwa chembe zake hubaki juu na kushika kutu, ukadhani wavu ndio ulioshika.

Hatua ya pili: trei, tumbo la jiko na mfuniko

Moto wa mafuta hauanzii kwenye wavu. Unaanzia kwenye trei iliyojaa na kwenye tumbo la jiko ambako mafuta yamejikusanya safu juu ya safu. Katika jiko dogo umbali kati ya kichomeo na trei ni mfupi, kwa hiyo hatari iko karibu zaidi. Mwaga trei kila safari, baada ya mafuta kuganda, kwenye chombo cha taka na si kwenye sinki. Kabla ya kufunga safari hakikisha ni kavu. Trei yenye mafuta ya maji maji ikilazwa kiubavu ndani ya gari, mafuta huingia kwenye kichomeo.

Kila baada ya kupika mara tano au sita, ondoa wavu, bati la kukinga mwali kama lipo, na trei. Kwaruza tumbo la jiko kuanzia juu kwenda chini, ukisukuma uchafu kwenye tundu la mafuta. Kabla ya kuingiza maji, funika noseli za gesi (vitundu vidogo vya shaba inakotokea gesi) kwa kipande cha plastiki. Osha kwa sponji na maji ya sabuni. Usilimwagie maji ya ndoo wala ya bomba la bustani. Palipogandamana, paka uji mzito wa bikaboneti ya soda na maji, acha dakika ishirini, kisha usugue. Mfuniko nao utakuonyesha magamba meusi yanayoning'inia kwa ndani. Watu huogopa kwamba ni rangi inayobanduka. Kwa kawaida ni moshi na mafuta yaliyoganda yakawa kaboni, na kikwaruzo cha mbao kinayatoa yote.

Neno moja kuhusu foili. Kutandika foili chini ya tumbo lote la jiko ili kukwepa kuosha kunaonekana ni ujanja, lakini unaziba matundu ya hewa na kutengeneza mabwawa ya mafuta karibu na moto. Kama trei yako inaruhusu, weka kitrei chepesi cha foili ndani yake, uishie hapo.

Na moto wa mafuta ukizuka: funga gesi kama unaweza kuifikia bila kuungua, funika mfuniko, rudi nyuma. Usimwage maji. Maji yanageuka mvuke ghafla chini ya mafuta na kuyarusha juu yakiwa yanawaka.

Hatua ya tatu: kichomeo

Hapa ndipo penye kazi. Ili kuelewa kinachoziba, fuata njia ya gesi. Inatoka kwenye noseli, tundu dogo la shaba lisilofikia upana wa sindano nene, kwa kasi kubwa. Kasi hiyo inavuta hewa kupitia uwazi ulioko mwanzoni mwa mrija wa kichomeo. Hewa na gesi vinachanganyika njiani, vinatokea kwenye vitundu, na hapo vinawaka. Mchanganyiko ukiwa sawa mwali ni wa buluu, wenye ncha ndogo za manjano. Hewa ikipungua mwali unakuwa wa manjano mrefu, unalegea, na kuacha masizi kwenye nyama na chini ya mfuniko.

Kwa hiyo mwali wa manjano unakuambia utazame mahali pa hewa kuingilia, na utashangaa kinachopatikana. Buibui wanaupenda mrija huu: ni mwembamba, una giza, umejikinga na upepo. Utando mmoja unatosha kuzuia hewa. Ukiziba zaidi, gesi inarudi nyuma na kuwakia nje ya mrija, karibu na vitasa na mpira. Jiko langu la kwanza lilikuwa na ugonjwa wa mwali wa manjano kwa msimu mzima. Nilibadilisha mtungi, nikabadilisha regyuleta, na fundi akanishauri ninunue jiko jipya. Siku niliyochomoa kichomeo nikakilenga kwenye jua, nilikuta kiota cha udongo cha nyigu, kikavu, cha ukubwa wa njugu.

Chomoa kichomeo. Katika majiko mengi madogo kinashikwa na skrubu moja au pini. Piga picha kwa simu kabla ya kukitoa, ili ujue kila kitu kilikaaje. Pitisha brashi ndefu ndani ya mrija, uitoe upande ule ule ulioingilia, mara kadhaa. Kisha geukia vitundu. Brashi iende ikikingama mrija, si kwa urefu wake, kwani ukisugua kwa urefu unausukuma uchafu kutoka kitundu kimoja hadi kingine. Kilichoziba kabisa kizibue kwa kijiti cha meno au klipu ya karatasi. Usitumie msumari wala ncha ya kutobolea: kitundu kikipanuka, mwali wake unakuwa mkubwa kuliko wenzake na huna namna ya kukirudisha. Pindua kichomeo ukigonge taratibu kwenye kiganja, uchafu udondoke. Ukikiosha kwa maji, kikung'ute, ukiache juani hadi kikauke ndani na nje.

Noseli usiichokoe kwa chuma. Shaba ni laini, na tundu lake limepimwa kiwandani. Ipangushe kwa kitambaa, na ukishuku imeziba, ifungue uiloweke kwenye maji ya sabuni, suuza, pulizia hewa, ikauke.

Unapokirudisha, jambo la kuhakikisha ni hili: mdomo wa mrija lazima uvae noseli, noseli iwe ndani ya mrija, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Mtikisiko wa safari huweza kuvitenganisha bila wewe kujua, na gesi ikamwagika nje ya mrija. Mimi huinama na tochi kuangalia kiungo hicho kila nikifika ninakoenda, kabla ya kuunganisha mtungi. Ni kazi ya sekunde kumi.

Kichomeo kilichotobolewa na kutu, au ambacho vitundu vyake viwili vimeungana kuwa kimoja, hakisafishwi. Badilisha.

Hatua ya nne: kiwashio

Kiwashio kisichotoa cheche mara nyingi ni kichafu tu. Pangusa ncha yake na ile kauri nyeupe inayoishika kwa kitambaa chenye spiriti, uache ikauke. Angalia nafasi kati ya ncha na kichomeo. Iwe milimita chache tu, kama tatu hadi sita, kwa sababu ikizidi cheche hairuki. Kauri ikiwa na ufa, cheche inapotelea humo. Kama kiwashio chako kinatumia betri, ibadilishe kabla hujafikiria lingine, na uitoe jiko linapokwenda kulala stoo.

Hatua ya tano: mpira, regyuleta na kipimo cha mapovu

Kunja mpira polepole mikononi, sentimita baada ya sentimita. Nyufa, sehemu laini kuliko nyingine, alama za meno ya panya au za kuungua, zote zina dawa moja: mpira mpya. Usifunge utepe. Katika nchi nyingi mpira wenyewe huchapwa tarehe, itafute uisome. Angalia pia ule mviringo mdogo wa mpira ndani ya kiungo cha mtungi au kopo. Ukiwa umekauka au kukatika, gesi itavuja hata ukikaza kwa nguvu zote.

Kisha pima. Changanya sabuni ya vyombo na maji nusu kwa nusu. Ukiwa nje, vitasa vyote vya jiko vimefungwa, fungua mtungi na upake mchanganyiko huo kwenye kila kiungo na mwilini mwa mpira wote. Mapovu yanayokua ni uvujaji. Funga, kaza, pima tena, yakiendelea, usiwashe. Fanya hivi kila unapobadilisha mtungi na kila jiko linapoamka kutoka stoo. Kiberiti si kifaa cha kupimia.

Moto ukiwa mdogo ingawa mtungi umejaa na kichomeo ni kisafi, huenda ni ulinzi wa ndani. Regyuleta na viungo vingi vina kizuizi kinachobana gesi ikitoka kwa kasi kupita kiasi, na kufungua mtungi kwa pupa kunakidanganya kwamba mpira umekatika. Funga kila kitu, tenganisha regyuleta, subiri dakika moja au mbili, unganisha, kisha fungua mtungi polepole kabisa.

Baridi nayo husingiziwa uchafu. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi −42°C. Kopo la butani mlimani asubuhi litatoa moto wa kinyonge hata jiko likiwa jipya. Badilisha aina ya gesi, wala usilipashe kopo kwa moto.

Kuwasha baada ya usafi

Mfuniko uwe wazi. Fungua gesi, washa. Kama halijashika ndani ya sekunde tano, zima, subiri dakika tano, jaribu tena. Likishika, liache liwake dakika kumi bila chakula ili mabaki ya sabuni yaishe, huku ukitazama mwali kutoka ubavuni: uwe na urefu sawa mwanzo hadi mwisho. Kazi hii ifanyike nje. Ndani ya hema au nyumba jiko hili hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Safari na stoo

Usipakie jiko hadi uweze kuweka kiganja tumboni mwake bila kuungua. Mtungi au kopo litenganishwe, lisafiri wima, lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Makopo mengi huandikwa yasizidi 50°C. Kopo la kutupwa usilijaze tena, valvu yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Jiko liingie stoo likiwa kavu. Kifuniko cha plastiki juu ya jiko lenye unyevu kinafuga kutu kuliko kulizuia, kwa hiyo liache wazi usiku mmoja kabla ya kulifunika. Paka wavu wa chuma mafuta na uufunge kwa karatasi. Mpira uukunje kwa duara pana, usiubane chini ya mguu wa jiko. Mtungi ubaki nje ya nyumba, penye hewa, wima. Mimi huvalisha mdomo wa mrija wa kichomeo kipande cha kitambaa, nikakifunga kwa kamba nyekundu ndefu inayoning'inia nje ya mfuniko, ili nisije nikawasha jiko kabla ya kukitoa.